Mujane wa Bruges na mapendo ya Kolwezi

Kati ya vitabu ambavyo mapadri Wafransiskani wa Ubelgiji walituachia katika inchi ya Lualaba, kiko kimoja chembamba kinachoitwa Bruges-la-Morte, maana yake Bruges muji uliokufa. Mwandishi wake ni Georges Rodenbach. Nilipokuwa katika seminari kubwa, mwalimu mumoja alitusifia kitabu hicho, akasema hakuna kingine kilichoonyesha vizuri hivyo moyo wa mutu anayemulilia muke wake. Neno lile lilinibakia. Miaka zaidi ya kumi ikapita. Mwaka jana nikakikuta katika kabati ya parokia moja upande wa Kolwezi, muchwa wamekwisha kula pembe zake, nikakisoma kwa siku mbili. Nilipokifunga nilikuwa na huzuni, lakini haikuwa huzuni ile mwandishi aliyotaka kunipa. Ninataka kuwaeleza, ndugu mapadri, waseminari na makatekista, sababu gani kitabu hiki kilinikatisha tamaa. Maana jambo lenyewe linagusa kazi yetu kwenye kilio, na linagusa vilevile historia ya inchi yetu ya shaba.

Kwanza hadisi yenyewe, kwa wale wasioisoma. Hugues Viane ni mutu wa miaka karibu arobaini, tajiri, asiye na kazi. Aliishi na muke wake miaka kumi, wakipendana sana; kisha muke akafa angali kijana. Hugues akahamia Bruges, muji wa kale wa Waflama, kwa sababu muji ule wenye maji yasiyotembea na nyumba za kimya ulifanana na moyo wake. Miaka mitano anakaa mule. Jioni anatembea peke yake, usiku anarudi nyumbani. Vitu vya marehemu, picha zake, viti alivyokalia, vyote vinalindwa, hakuna anayevigusa ovyo. Na nywele zake, zilizokatwa siku ya kifo, zimewekwa katika sanduku la kioo zikiwa zimesukwa. Kila siku anakwenda kuziangalia. Jioni moja anamwona njiani mwanamuke anayefanana na marehemu: uso, macho, nywele, hata sauti. Anamufuata. Mwanamuke huyo ni Jane Scott, muchezaji wa teatri, anayetoka Lille. Hugues anamupangishia nyumba, anamutembelea kila jioni, anamwangalia. Siku moja anamuletea kanzu za marehemu azivae. Jane anacheka, anaona ni kanzu za kizamani, anacheza nazo mbele ya kioo. Pole pole Hugues anaona kwamba hafanani: nywele zimetiwa rangi, maneno yake ni ya barabarani, anatafuta feza. Muji wote unawasema. Siku ya maandamano ya Damu Takatifu, Jane anaingia nyumbani kwa Hugues mara ya kwanza, anagusagusa vitu, anafungua sanduku, anachezea zile nywele. Hugues anashikwa na wazimu, anazikaza shingoni mwake. Jane anakufa, amenyongwa na nywele za mwingine. Inje kengele zinalia, maandamano yanarudi kanisani.

Ni kazi ya mutu anayejua kuandika, sikatai. Ukungu, maji, kengele, nyumba ya masista ya Begijnhof, vyote unaviona. Lakini angalieni mwaka kilipotoka: 1892. Rodenbach, aliyezaliwa Tournai mwaka wa 1855 na kusoma kwa Wayezuiti wa Gent, alikuwa akikaa Paris. Hadisi yake ilitoka kwanza katika gazeti Le Figaro mwezi wa pili, kisha ikawa kitabu chenye picha zaidi ya 30 za muji wa Bruges, picha za kweli zilizopigwa na mashini, jambo geni wakati ule katika vitabu vya hadisi. Mwanzo wa mwaka ule ule, Wabelgiji wengine walikuwa Bunkeya. Ulikuwa ni musafara wa Bia na Francqui, na ndani yake alikuwamo Jules Cornet, mujuzi wa mawe, aliyepita katika inchi yetu akachunguza mawe ya shaba na kuandika taarifa iliyofungua macho ya matajiri wa Brussels. Kapiteni Bia mwenyewe alikufa njiani mwaka ule, mwezi wa nane. Na wiki chache mbele ya kufika kwao, tarehe 20 Desemba 1891, mufalme Msiri alikuwa ameuawa na watu wa musafara wa Stairs. Wazee wa Wayeke wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa.

Basi mwaka mumoja: kule Ulaya mutu mumoja na nywele za muke wake ndani ya kioo; huku watu wanalia mufalme aliyezikwa bila kichwa, tena wana njaa, tena wanatawanyika porini. Simulaumu Rodenbach kwa kutojua. Aliandika juu ya muji wake. Ninachosema ni hiki: Wayeke hawakubakia na kitu cha Msiri cha kuangalia. Walibakia na jina lake. Jina la Mwenda linaendelea kubebwa na wafalme wa Bunkeya mpaka leo, na Msiri anakumbukwa mbele ya watu wote.

Hapa nafika kwenye jambo la kwanza lililonisumbua. Nilisoma kitabu chote nikitafuta jina la muke wa Hugues. Sikulipata. Ni "marehemu" tu, ni "aliyekufa". Tunajua rangi ya nywele zake, hatujui jina alilopewa siku ya ubatizo. Hatujui mama yake ni nani, hatujui kama alikuwa na ndugu, hatujui alipenda kufanya nini asubuhi, hatujui kama aliwahi kumukasirikia bwana wake. Mutu anaweza kumulilia muke miaka mitano bila kutaja jina lake? Kwetu mutu akifa, jina lake ndilo la kwanza kutafutiwa pa kukaa. Mutoto anazaliwa, wazee wanasema: huyu ni fulani amerudi katika jina. Tena mama anayeingia kwenye kilio anaanza kuita marehemu kwa majina yake yote, la baba, la ukoo, la sifa, ndipo anakaa chini. Mwandishi wa hadisi ana ruhusa ya kuficha jina, najua. Lakini mimi nilihisi kwamba muke huyu hakufichwa. Hakuwapo tangu mwanzo. Hugues analilia mapendo yake mwenyewe.

Jambo la pili: hakuna kilio. Hakuna mutu anayelala chini sebuleni pamoja na mujane, hakuna wakwe, hakuna anayemupikia wala anayemuambia: inuka, kanawe. Yuko mutumishi wa nyumba mumoja, Barbe, mwanamuke wa Kiflama mwenye ibada, anayeweka akiba yake ili siku moja akaishi Begijnhof. Ninamupenda Barbe kuliko wote katika kitabu hiki. Lakini hata Barbe, anapojua kwamba Jane atakula mezani mule, anafunga mizigo yake na kuondoka, kwa sababu zamiri yake haimuruhusu kumutumikia. Mnaweza kubishana darasani kama alifanya vizuri. Na katika muji huu wenye makanisa mengi vile, sikuona padri mumoja anayefika nyumbani mwa mujane. Miaka mitano!

Mutakatifu Augustino, Mwafrika, alisema mambo haya zaidi ya miaka 1400 mbele ya Rodenbach, tena aliyasema kwa ukweli zaidi. Katika kitabu cha nne cha Maungamo anasimulia kifo cha rafiki yake kule Tagaste. Macho yake yalimutafuta kila mahali, nyumba ya baba yake ikamuchukiza, akakimbilia Kartago. Ni Hugues kabisa. Kweli, yeye naye hakutaja jina la rafiki. Nilipoliona jambo hili nilicheka, maana lilinipunguzia hasira yangu juu ya Rodenbach. Lakini Augustino anajihukumu: anaungama kwamba alimupenda mutu anayepaswa kufa kana kwamba hatakufa, na kwamba ndani ya machozi yake aliona utamu. Kisha nendeni katika kitabu cha tisa, kifo cha mama yake kule Ostia mwaka wa 387. Hapo nyumba imejaa watu. Mutoto Adeodato analia kwa nguvu, Evodio anashika kitabu cha zaburi anaanza kuimba, wote wanaitikia. Na mwishoni Augustino anawaomba wasomaji wake wawakumbuke wazazi wake altareni, anawataja wote wawili, Monika na Patrisio. Alitoka katika kilio cha mutu peke yake akaingia katika kilio cha Kanisa. Ndiyo safari ambayo Hugues hakuifanya hata hatua moja.

Kitu kimoja Rodenbach alikifanya vizuri, na lazima nikiseme. Saa ile nywele zinamunyonga Jane, inje inapita masalio ya Damu Takatifu. Mapokeo ya Bruges yanasema iliwaletea Thierry wa Alsace mwaka wa 1150 akitoka vita vya Msalaba. Wanahistoria wengi wanafikiri ilitoka Konstantinopoli kisha muji ule kutekwa mwaka wa 1204. Basi kuna masalio mawili. Moja linabebwa barabarani, maskini na tajiri wanapiga magoti mbele yake, si la mutu mumoja. Lingine limefungiwa ndani, lina mulinzi mumoja, na mutu wa pili akiligusa anakufa. Sijui kama mwandishi alitaka tuone hivyo. Mimi nimewaeleza makatekista hivyo walipouliza tofauti kati ya masalio ya watakatifu na vitu vya marehemu ambavyo watu wanaficha chini ya kitanda, na walifahamu upesi.

Lakini lililonikatisha tamaa kabisa ni Jane. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilingoja mutu amulilie. Hakuna. Yeye ana jina, lakini hana kaburi katika kitabu. Mwandishi anamuacha pale sakafuni, anarudi kwa Hugues na muji wake. Wasomaji wengi wanasema Jane ni mwanamuke mubaya, mwenye tamaa. Labda. Lakini muangalie alivyopendwa. Hakuulizwa siku moja: wewe ni nani, mama yako yuko wapi, unaogopa nini? Alipewa nyumba na feza ili afanane na mwingine. Alipofanana, alipendwa, alipoanza kuwa yeye mwenyewe, akachukiwa. Kanzu si zake. Nywele zake zinatiwa hatia kwa sababu si zile. Erich Korngold, mutunga muziki wa Vienna, alipoigeuza hadisi hii kuwa muchezo wa kuimba mwaka wa 1920, hakuweza kuvumilia mwisho huu: kule mauaji yalikuwa ndoto, mwanamuke anarudi muzima kuchukua mwavuli wake, na mujane anakubali kuuacha muji. Tena kule marehemu amepewa jina, Marie. Kumbe si mimi peke yangu niliyekosa kitu.

Msomaji Mwafrika hawezi kumusoma Jane bila kujiona kidogo. Tumekwisha kuvalishwa kanzu za wengine. Tulipozivaa vizuri tulisifiwa kwamba tumeendelea. Tulipocheka mbele ya kioo, tulisemwa kwamba hatuna shukrani. Siandiki hili kwa uchungu. Ninaliandika kwa sababu katika inchi yetu yenyewe, Kolwezi, Muflama mumoja aliliona na akaligeuza, na historia yake ni jibu kwa kitabu cha Rodenbach kuliko maneno yangu yote.

Wafransiskani wa Ubelgiji walipokea inchi ya Lulua mwaka wa 1922. Padri Placide Tempels, aliyezaliwa Berlaar mwaka wa 1906, alifika Kongo mwaka wa 1933. Yeye mwenyewe aliungama baadaye kwamba miaka kumi ya kwanza alifanya kama mukubwa aliye na majibu yote: alileta mafundisho yaliyokwisha kufungwa, watu wakasikiliza, wakaitikia, na hakuna kilichotembea ndani. Alitaka wafanane na wakristu aliowaacha nyumbani. Kisha akaanza kuuliza: ninyi ni nani, munatafuta nini? Kutoka kwa majibu yale kilizaliwa kitabu juu ya filosofia ya Wabantu, kilichotoka Elisabethville mwaka wa 1945 na kumutia katika mashaka na wakubwa wake. Kutoka 1946 mpaka 1949 alikaa Ubelgiji. Aliporudi alitumwa upande wa Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa Union Minière.

Lazima mufahamu maisha ya kambi wakati ule, maana mujane wa Bruges angaliweza kuishi mule. Mwanzoni kompani, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, ilichukua vijana peke yao, wafanye kazi miezi, warudi kwao. Wengi walikufa. Mwisho wa miaka ya 1920 ikabadili njia: mufanyakazi aje na muke wake, wakae, wazae. Ikatoa nyumba, posho ya muke, posho ya watoto. Ndivyo katika kambi za Kolwezi, Ruwe na Musonoi walionekana watu wa namna mupya: mume na muke ndani ya nyumba moja ya matofali, mbali na wajomba, mbali na mashangazi, na jirani akiwa wa kabila lingine. Muluba karibu na Muchokwe, Mulunda karibu na Musanga. Kiswahili ndicho kiliwaunganisha. Ndoa ambayo kijijini ilibebwa na watu ishirini, kambini ilibebwa na wawili. Na mumoja akifa? Nyumba ilikuwa ya kompani, si yake. Mujane wa mufanyakazi alipaswa kuitoka. Upweke ule ambao Hugues alikwenda kuununua Bruges, watu wetu waliupewa pamoja na posho.

Kwa watu hawa Tempels alianza, mwaka wa 1953, lile lililoitwa Jamaa. Wengi wenu muna wazazi au babu waliopita ndani yake, kwa hiyo sitarefusha. Mafundisho yake yalisimama juu ya maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Mume na muke walifundishwa pamoja, hakuna aliyeingia kwa kumuacha mwenzake nyuma. Neno kubwa lilikuwa kukutana. Kukutana maana yake mume anamuambia muke wake mambo ambayo hakuwahi kumuambia, muke naye vilevile. Wanafahamu kwamba wameishi miaka kumi nyumba moja bila kuonana. Kisha wanakutana na wengine, na padri naye anakutana nao kama mutu. Waliitana baba na mama. Mutu aliyekuwa numero ya kompani akawa baba fulani. Mwaka wa 1962 Tempels alitoa kitabu chake juu ya kukutana huko, na mwaka ule ule akarudi Ubelgiji, asirudi tena. Alikufa mwaka wa 1977.

Simusifu bila kipimo. Jamaa ilizaa vilevile matawi yaliyopotea. Wale walioitwa Katete waligeuza kukutana kuwa siri ya ndoto na ya mwili, ndoa zikavunjika, na miaka ya 1970 maaskofu walilazimika kuweka amri kali. Mapendo yaliyokusudiwa kumwona mwenzako yakawa tena mapendo ya kuonja mapendo. Ni ugonjwa ule ule wa Bruges, umevaa kikwembe. Wazee wa parokia wanaoukumbuka wakati ule wanashusha sauti wanaposimulia.

Mutu ataniambia: padri, kwa nini unasoma hadisi za Waflama, Kolwezi haina kitabu chake cha kilio? Kiko. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville, yaani Likasi, mwaka wa 1941, akapita kwa Wabeneditini, na kufa mwaka wa 2025, alitoa mwaka wa 1989 kitabu kinachoitwa Shaba deux. Ni daftari za sista mumoja Mwafrika, Mufransiskani, anayebakia Kolwezi katika vita vya mwezi wa tano 1978, waasi walipoingia mujini tarehe 13 na askari wa Ufaransa wakashuka kwa parashuti tarehe 19. Sista huyo ni wa kubuniwa. Wafu wa siku zile hawakubuniwa, walihesabiwa kwa mamia, Waafrika wengi kuliko Wazungu. Mudimbe naye si mwandishi anayefurahisha, ukurasa wake ni mukavu. Lakini sista wake ana kazi. Lazima apange nyumba, asali saa yake, afikirie walio mulangoni. Huzuni yake haipati nafasi ya kuwa nzuri.

Sasa nirudi kwetu, maana singependa museminari afikiri kwamba Wazungu wanapenda sura na sisi tunapenda watu. Tuna desturi yetu inayofanya kama Hugues, tena kwa baraka ya wazee. Muke akifa, ukoo wake unaweza kutoa mudogo wake achukue nafasi, arizi kitanda, alee watoto. Kusudi lilikuwa zuri: watoto wasipate mama wa kigeni, umoja wa koo mbili usikatike, na mujane atoshewe kifo. Sheria ya Kanisa ya 1917, kanoni 1077, iliweka kizuizi katika ndoa ya namna hii, na padri alipaswa kuomba ruhusa. Sheria ya 1983, kanoni 1092, imeacha kizuizi cha ujamaa wa ndoa katika mustari wa moja kwa moja tu. Dada ya marehemu hayumo tena. Basi mapadri wengine wanafikiri hakuna la kuuliza. Liko. Kanoni 1057 inasema ndoa inafanywa na kukubali kwa wawili, na hakuna mutu anayeweza kukubali mahali pao. Msichana anayetolewa ili awe mwingine, nani amekubali ndani yake?

Liliniangukia jambo kama hili, si zamani. Mume alikuwa muchimbaji, mutu mwema, muke wake alikufa kwa kuzaa. Kisha kilio, wakwe wakaleta mudogo wa marehemu, msichana wa miaka 19. Walikuja ofisini wote, wajomba wawili, mashangazi, mujane, na msichana amekaa nyuma karibu na mulango. Wajomba walisema kwa heshima. Mujane hakusema sana, lakini mara mbili, alipotaka kumutaja msichana, alimuita kwa jina la marehemu, na hakuna aliyemusahihisha. Msichana alikuwa amevaa kikwembe cha dada yake. Shangazi alinionyesha kwa furaha: Padri, angalia, ni yeye kabisa.

Nilikuwa nimemaliza kitabu cha Rodenbach mwezi ule. Nikawaomba wote watoke inje, abakie msichana na mama mumoja mukristu wa parokia. Nilimuuliza jina lake. Akalitaja. Nilimuuliza anataka nini. Alinyamaza sana. Kisha akasema: "Padri, watoto ninawapenda, nitawalea. Lakini mimi si dada."

Mazungumuzo na wajomba yalichukua wiki nyingi, na si yote yaliyokwenda vizuri. Mumoja hasalimiani nami mpaka leo. Yule mama mukristu alifanya kazi kubwa kuliko mimi, alikuwa anakwenda kwa shangazi jioni na kukaa naye bila kutaja jambo. Ndoa haikufanywa. Msichana analea watoto nyumbani kwa mama yake, na anajifunza kushona. Vikwembe vya marehemu vilitolewa kwa dada zake na kwa bibi yake, kila mumoja mbele ya watu, isipokuwa kimoja ambacho mujane aliomba abakie nacho, na wakwe walikubali.

Mwezi uliopita mujane alikuja kuomba Misa. Niliandika jina la muke wake la ubatizo katika kitabu. Aliinama akasoma, akatikisa kichwa, akaniambia kwamba halijatimia, niongeze jina ambalo baba yake alimupa, na jina alilokuwa akiitwa na mama yake. Nikaongeza yote matatu, na Jumapili nikayasoma.